Marathoni kwa Ajili ya Utafiti wa Ugonjwa Adimu: Fedha Ziende Wapi, na Mwili Uandaliweje?

Swali: "Mtoto wa dada yangu ana umri wa miaka 7, na mwaka jana aligundulika kuwa na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli. Nimeamua kukimbia marathoni ili nichangishe fedha za utafiti. Mpaka sasa sijawahi kukimbia zaidi ya kilomita 10. Naomba kujua nianzie wapi, na zaidi ya yote, je, fedha za mtu mmoja zinaweza kweli kusaidia utafiti unaogharimu mabilioni, au nitakuwa ninajifariji tu?" – Mama Mdogo

Jibu:

Ndugu Mama Mdogo,

Nakupa pole wewe na dada yako, na nakushukuru kwa kuuliza habari za fedha kabla ya kuuliza habari za viatu, kwa maana wengi huja kuifikiria baada ya kuvuka mstari wa kumalizia. Nitaanza na hilo la fedha, kwa sababu ndilo litakaloamua ukimbie kwa niaba ya nani, uwaambie nini wachangiaji wako, na hata uchague mbio zipi. Kwa ufupi, mchango wa mtu mmoja unaweza kuusogeza utafiti wa ugonjwa adimu kuliko unavyoweza kuusogeza utafiti wa ugonjwa ulioenea, ila kwa sharti moja: uende kwenye kazi ambayo wenye fedha nyingi hawailipii.

Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, ugonjwa huitwa adimu unapowapata watu wasiozidi 5 katika kila 10,000; Marekani hutumia kipimo kingine, yaani wagonjwa wasiofika 200,000 nchini humo. Kipimo hutegemea mahali, na ndiyo maana selimundu huhesabiwa kuwa adimu Ulaya na Marekani ilhali katika sehemu kubwa ya Afrika ni ugonjwa wa kawaida. Magonjwa adimu yanayojulikana yamepita 6,000, mengi yakiwa ya kurithi, na kwa pamoja yanakadiriwa kuwagusa watu wapatao milioni 300 duniani. Hata hivyo kila ugonjwa peke yake una wagonjwa wachache, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa kuwa kampuni ya dawa hupiga hesabu ya wanunuzi kabla ya kuanza kazi. Marekani ilitunga sheria ya dawa za magonjwa adimu mwaka 1983, na Umoja wa Ulaya ukawa na kanuni yake kuanzia mwaka 2000, ili kampuni itakayofaulu ipewe haki ya kuuza dawa yake bila kushindana na dawa inayofanana nayo, kwa miaka 7 Marekani na miaka 10 Ulaya. Sheria hizo zimeleta dawa nyingi, lakini tuzo hiyo hupatikana mwishoni, dawa ikishathibitishwa. Haimlipi mtu wa kuanza kazi yenyewe.

Mwanzo wa kazi hiyo nitakuonyesha kwa ugonjwa wa mtoto wenu. Duchenne humpata takriban mvulana 1 katika kila 5,000 wanaozaliwa, na chanzo chake ni kosa katika jeni inayotengeneza distrofini, protini inayozuia nyuzi za misuli zisichanike zinapofanya kazi. Jeni hiyo ni mojawapo ya jeni kubwa kabisa za binadamu. Ina vipande 79, na kosa linaweza kutokea karibu popote kati yake. Namba hiyo ya 79 ndiyo sababu siku ya kimataifa ya ugonjwa huu huadhimishwa tarehe 7 ya mwezi wa 9. Sasa fikiria maana yake kwa mtafiti: wavulana wawili wenye jina moja la ugonjwa wanaweza kuwa na makosa mawili tofauti, na dawa inayomfaa mmoja isimfae mwingine. Dawa ya eteplirsen, kwa mfano, huifanya seli iruke kipande cha 51, na inawahusu takriban asilimia 13 tu ya wagonjwa. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote ya aina hiyo kujaribiwa, lazima awepo mtu anayejua wagonjwa wako wapi na kila mmoja ana kosa gani. Kumbukumbu hiyo huitwa rejista ya wagonjwa, nayo haijitengenezi yenyewe.

Si hivyo tu. Jaribio kuu lililoifikisha eteplirsen mbele ya wadhibiti wa dawa lilikuwa na wavulana 12. Kwa idadi ndogo kama hiyo, na kwa ugonjwa ambao hauruhusu mtoto akae miaka kadhaa akipewa kidonge au sindano isiyo na dawa ndani yake kwa ajili ya kulinganisha tu, ilibidi wavulana hao walinganishwe na kumbukumbu za wavulana wengine waliofuatiliwa bila kutumia dawa hiyo. Marekani iliikubali kwa masharti mwaka 2016. Ulaya ikaikataa mwaka 2018 kwa kuona kwamba ushahidi haukutosha. Sitaingia katika ubishi wa nani alikuwa na haki. Ninachotaka ukione ni kwamba hatima ya dawa nzima iliegemea kumbukumbu za watoto ambao hawakuwahi kuitumia, kumbukumbu ambazo mtu fulani alizikusanya zamani bila kujua zitamfaa nani.

Kazi hiyo, ukiiona kwa macho, ni ya kawaida kabisa. Kipimo kilichotumika sana ni umbali ambao mtoto anaweza kutembea kwa dakika 6. Kwenye korido hupimwa njia ya mita 25, koni moja huwekwa kila mwisho, mtoto huenda na kurudi, mtu mzima mmoja akimfuata nyuma kwa karibu ili amwinue akianguka, na maneno ya kumtia moyo hayakatiki mpaka saa ilie. Mita zake huandikwa. Baada ya miezi kadhaa huitwa tena, akatembea tena, zikaandikwa tena, na hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka kwa watoto wengi. Gharama yake ni mshahara wa mtaalamu wa viungo, nauli ya familia, na mtu mwangalifu wa kuingiza takwimu. Mabilioni unayoyasikia hutumika kwenye majaribio makubwa ya mwisho. Gharama hizi nilizozitaja ni za kiwango ambacho mkimbiaji mmoja na marafiki zake wanaweza kuzigusa. Nyingine ya kiwango hicho ni ruzuku ndogo ya awali, inayomwezesha mtafiti kijana kufanya kazi kwa miezi michache na kupata matokeo ya kwanza, ambayo bila hayo hakuna mfadhili mkubwa atakayemsikiliza.

Ukitaka kuona mbali zinakoweza kufika fedha za familia, tazama historia ya ugonjwa wa uvimbenyuzi wa kongosho na mapafu, ujulikanao kimataifa kama Cystic Fibrosis. Shirika la wazazi na wafadhili wa Marekani, Cystic Fibrosis Foundation, lilianza rejista ya wagonjwa tangu miaka ya 1960. Jeni ilipotambuliwa mwaka 1989, tayari kulikuwa na wagonjwa waliojulikana na vituo vilivyowahudumia kwa utaratibu mmoja. Shirika hilo likachukua hatua ambayo wakati huo ilionekana ya hatari: lilitumia fedha za michango kuilipa kampuni ya dawa itafute vidonge, kwa makubaliano kwamba dawa ikipatikana, shirika litapata sehemu ya mapato. Dawa ya kwanza, ivacaftor, ilipitishwa mwaka 2012. Mwaka 2014 shirika liliuza haki zake za mapato kwa dola bilioni 3.3 ili liendelee na utafiti. Na mwaka 2019 ilipitishwa dawa ya mchanganyiko inayowafaa wagonjwa walio wengi. Si kila ugonjwa utapata historia ya namna hiyo, na nisingependa umwahidi dada yako hivyo. Lakini jibu la swali lako limo humo: fedha za matembezi, mbio na masanduku ya michango zilikuwa fedha za utafiti kweli.

Kwa hiyo chagua kwanza shirika, kisha mbio. Usilichague kwa uzuri wa tovuti yake wala kwa picha za watoto. Liandikie barua, uulize ni nani anayepima maombi ya watafiti kabla hawajapewa fedha, na kama wapimaji hao wana maslahi yoyote na maabara zinazoomba. Uliza kama takwimu za rejista wanayoigharimia hupatikana kwa watafiti wengine wenye sifa, kwa maana rejista iliyofungiwa kwenye maabara moja ni hasara kwa wagonjwa wote. Uliza kama wamewahi kutangaza utafiti walioulipia ambao haukufaulu. Shirika ambalo kila mradi wake ni ushindi linakuficha kitu. Kuhusu gharama za uendeshaji, usiogope kusikia kwamba sehemu fulani ya fedha hulipa mishahara ya ofisi, kwa sababu bila mhasibu na msimamizi hakuna ruzuku inayofuatiliwa. Mimi humtilia shaka zaidi anayedai hana gharama yoyote bila kueleza nani anazilipa. Ukitaka fedha zako ziende kwenye kazi mahususi, kwa mfano rejista, liandikwe hilo kwa maneno kabla hujaanza kuchangisha, na uulize itakuwaje mradi huo ukifungwa.

Kaa mbali kabisa na zahanati zinazowauzia wazazi matibabu ya seli shina au ya jeni ambayo hayajathibitishwa, zikiyaita utafiti. Jaribio halali la dawa huwa na idhini ya kamati ya maadili, huandikishwa hadharani, na kwa kawaida halimtozi mgonjwa. Familia iliyopokea habari ngumu ni rahisi kuvutwa huko, na michango ya ndugu imekuwa ikiishia mikononi mwa watu hao.

Baada ya shirika, ndipo mbio. Mbio mashuhuri huwa na waombaji wengi kuliko nafasi. Mbio za London, zilizoanza mwaka 1981, hugawa nafasi nyingi kwa kura, na nyingine hupitia mashirika ya hisani, ambayo humpa mkimbiaji anayeahidi kuleta kiasi fulani. Utaratibu huo una nguvu kubwa, kwani mwaka 2024 wakimbiaji wa London walichangisha paundi milioni 73.5 kwa siku moja ya mbio. Una mzigo wake pia: soma masharti uone itakuwaje usipofikisha kiasi ulichoahidi, na kama shirika linakatia gharama ya nafasi yako kutoka kwenye michango. Kwa mtu anayekimbia umbali huu kwa mara ya kwanza, nashauri mbio ndogo zenye usajili wa wazi, ambako hudaiwi kiwango na unaweza kuahirisha bila hasara kubwa. Ada ya usajili, viatu na nauli vilipe mwenyewe, na uwaambie watu kwamba umevilipa mwenyewe. Mchangiaji akijua kwamba fedha yake haiendi kwenye safari yako, huongeza.

Kama unaweza, usikimbie peke yako. Mwaka 1988 Bruce Cleland, ambaye binti yake alikuwa na saratani ya damu, aliwakusanya wakimbiaji 38 wakakimbia marathoni ya New York na kuleta dola 322,000 kwa ajili ya utafiti. Kutokana na kundi hilo ukazaliwa mpango wa kudumu ambao umewafundisha watu wengi kukimbia na kuchangisha. Sababu ya kufaulu kwao si ngumu kuielewa. Mkimbiaji mmoja ana ndugu, wafanyakazi wenzake na majirani wale wale, na baada ya ombi la pili wameshachoka. Wakimbiaji watano wana jamaa wa watu watano. Shemeji yako, mwalimu wa mtoto, au muuguzi anayemhudumia wanaweza kukubali kukimbia hata nusu ya umbali.

Katika kuomba, ombi liwe la wazi lenye kiasi na sababu. Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani ya mifupa iliyo adimu, alianza mwaka 1980 kukimbia takriban marathoni moja kila siku, na ombi lake lilieleweka na kila mtu: dola moja kwa kila Mkanada. Aliendelea kwa siku 143 mpaka ugonjwa ulipomrudia, na kufikia Februari 1981 mfuko wake ulikuwa umepita dola milioni 24, sawa na idadi ya watu wa nchi yake. Desemba 2020 Kevin Sinfield alikimbia marathoni 7 kwa siku 7 kwa ajili ya rafiki yake Rob Burrow, mchezaji wa raga aliyekuwa na ugonjwa wa neva za misuli, kwa sababu Burrow alivaa jezi namba 7. Lengo lilikuwa paundi 77,777, na michango ikavuka milioni moja. Namba iliyobeba maana humpa mtu sababu ya kuchangia kiasi fulani badala ya chochote. Wewe unayo tayari: vipande 79 vya jeni. Watafute watu 79, kila mmoja achukue kipande kimoja kwa kiasi kilekile, na kipande cha mwisho kichukuliwe siku ya mbio.

Anza na watu wako wa karibu, mmoja mmoja, kwa jina, kwa simu au ana kwa ana, kabla ya kutangaza kwa umma. Wale wa kwanza ndio huweka kiwango. Anayefungua ukurasa wako wa kuchangisha mtandaoni akakuta michango kadhaa ya heshima hatatoa kidogo kwa haya ya kuwa wa kwanza. Michango mingi huja katika wiki za mwisho, siku ya mbio yenyewe na siku chache baada yake, hivyo usivunjike moyo katikati, na usifunge ukurasa siku ile ile. Angalia tovuti ya kuchangisha inakata kiasi gani na lini inakabidhi fedha, na ikiwezekana chagua inayozipeleka moja kwa moja kwenye shirika bila kupitia akaunti yako, ili asitokee hata mtu mmoja wa kukuuliza zimekwenda wapi.

Kuna jambo ambalo ninalitilia mkazo kwa kila ndugu wa mgonjwa, nalo ni heshima ya mtoto. Ana miaka 7. Muda si mrefu atasoma mwenyewe kila ulichokiandika, na wanafunzi wenzake pia. Usiandike habari za mwisho wa ugonjwa wake kwenye ukurasa wa umma, wala umri ambao madaktari wanatarajia ataacha kutembea. Jina lake, picha yake na majibu ya vipimo vyake si vyako kuvitoa. Waombe wazazi, umuulize na yeye mwenyewe kwa lugha anayoielewa, na akikataa picha, basi. Unaweza kueleza ugonjwa kikamilifu na kumtaja kwa neno moja tu, "mwanangu", na wanaokufahamu watachangia vile vile. Jambo jingine ni kwamba usimwombe akimbie nawe mita za mwisho, hata kama anataka sana. Misuli isiyo na distrofini huumizwa na juhudi kali, hasa kukimbia mteremko na kushuka ngazi, na furaha ya dakika moja haistahili gharama hiyo. Akitaka kuwepo, mpangie mahali karibu na mstari wa kumalizia ambapo kiti cha magurudumu hufika na ambapo hatasimama muda mrefu.

Nimefika kwenye mwili wako, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu wewe si mkimbiaji yeyote tu, wewe ni ndugu wa damu wa mama wa mgonjwa. Jeni ya distrofini imo kwenye kromosomu X. Takriban theluthi mbili ya mama wa watoto wenye Duchenne ni wabebaji wa kosa hilo. Kwa waliobaki kosa lilizuka upya kwa mtoto. Ikiwa dada yako ni mbebaji na alilirithi kutoka kwa mama yenu, basi uwezekano wa wewe kulibeba pia ni nusu kwa nusu. Wanawake wabebaji kwa kawaida hawana dalili za misuli, au wana udhaifu kidogo, lakini baadhi yao hupata ugonjwa wa misuli ya moyo, na unaweza kuanza bila wao kuhisi chochote. Ndiyo maana miongozo ya kitabibu inashauri wabebaji wapimwe moyo wakiwa bado vijana na kurudia kila baada ya miaka michache, hata wanapojisikia wazima. Kabla ya kuanza mazoezi ya miezi mingi, muulize dada yako kama amepimwa jeni na majibu yalisemaje. Kama ni mbebaji, au kama hajapimwa, nenda kwa daktari ukamweleze ukoo na mpango wako, upate ushauri wa mambo ya kurithi, kipimo cha jeni, na kipimo cha moyo cha umeme na cha mawimbi ya sauti.

Ukipimwa damu kuangalia kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinasi, mwambie daktari kama umefanya mazoezi makali siku za karibuni, kwa maana mbio ndefu hukipandisha kwa mtu yeyote na majibu yanaweza kumpotosha. Ukikutwa ni mbebaji mwenye moyo mzima, suala la kukimbia litaamuliwa kati yako na daktari wa moyo. Ukikutwa na tatizo, utakuwa umelijua mapema, nawe bado unaweza kuongoza kundi la wakimbiaji wenzako ukiwa pembeni ya barabara. Nasema hivi si kukutisha. Kwa wakimbiaji kwa jumla hatari ni ndogo sana: uchunguzi uliohusu washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni nchini Marekani kati ya 2000 na 2010 ulikuta mioyo 59 iliyosimama. Lakini wengi wa wale ambao chanzo chao kilijulikana walikuwa na ugonjwa wa moyo.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Kwa mtu anayemudu kilomita 10, jipe miezi 6 kufikia kilomita 42.195. Kimbia siku 4 kwa wiki, na karibu mbio zote ziwe za mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Moja kwa wiki iwe ndefu, uiongeze kilomita 1 au 2 kwa wakati, ukipunguza kila wiki ya tatu au ya nne ili mwili upumzike, mpaka ufike kilomita 30 au 32 wiki tatu hivi kabla ya mbio. Baada ya hapo unapunguza, huongezi. Kutembea dakika moja baada ya kila dakika kadhaa za kukimbia ni njia halali, na kwa mara ya kwanza mara nyingi ndiyo ya busara. Akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini haitoshi kwa umbali wote, na wengi huishiwa karibu na kilomita ya 30. Kwa hiyo jizoeze kula gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa wakati wa mbio ndefu, ujue tumbo lako linakubali nini kabla ya siku yenyewe.

Maji, kunywa unaposikia kiu. Watu hudhani hatari ni kunywa kidogo tu. Katika marathoni ya Boston, Marekani, ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 sodiamu yao, yaani chumvi iliyomo kwenye damu, imeshuka chini ya kiwango, na waliopatwa zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi na waliochukua zaidi ya saa 4, yaani watu wa mwendo utakaokuwa nao wewe. Dawa za maumivu za aina ya aibuprofeni usizitumie asubuhi ya mbio wala njiani, kwa kuwa huyaongezea mafigo mzigo wakati tayari yana kazi kubwa.

Mkimbiaji wa hisani ana hatari moja ambayo wengine hawana kwa kiasi hicho: hajui kuacha. Anahisi amekopa fedha za watu, kwa hiyo hukimbia na goti linalouma, hupuuza maumivu ya kifua, na huona aibu kuahirisha. Liondoe deni hilo mapema. Tangu ujumbe wa kwanza waandikie wachangiaji kwamba fedha zao ni za utafiti na zitafika kwa watafiti hata ukiumia na usifike mwisho. Ukishaliandika, utaweza kuahirisha ukilazimika, na sijaona watu wakidai kurudishiwa fedha zao kwa sababu mkimbiaji aliumia.

Baada ya mbio, washukuru wachangiaji ndani ya wiki moja, ukitaja jumla iliyopatikana, kiasi kilichokatwa na tovuti, na tarehe ambayo shirika lilipokea. Kisha weka alama kwenye kalenda yako: baada ya mwaka mmoja liandikie shirika, uombe maelezo ya kilichofanyika kwa fedha hizo, wagonjwa wangapi wameandikishwa kwenye rejista au ruzuku ipi ilitolewa na imefikia wapi, uyatume kwa watu wote 79. Watumie hata kama habari ni kwamba njia iliyojaribiwa haikufaa, na ueleze kwa nini watafiti wengine sasa hawatahitaji kuirudia.